Sakafu ya Mzee Wenseslaus

Kila asubuhi, kabla jua halijapenya kwenye migomba, Redempta alichukua ndoo na ngata, akashuka chemchemi. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya ng'ombe, ya pili ya jikoni, na ya tatu ya bustani. Ile ya tatu ndiyo iliyomuuma. Mfereji wa ukoo ulipita hatua kumi tu kutoka jikoni kwao, lakini tangu mwezi wa tisa maji yake hayakuwa yao tena.

Huku kwetu mlimani kila nyumba ina zamu yake ya mfereji. Siku ya zamu unafungua kizuizi, maji yanaingia bustanini kwako mpaka saa yako iishe. Lakini mfereji una kazi yake pia. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, kila nyumba hutoa mtu wa kwenda kuuzibua, hasa kule juu msituni kwenye kinywa chake, maji yanapoingilia. Nyumba isiyotoa mtu hukatwa zamu.

Baba yake Redempta, Fundi Theodory, alifariki mwaka uliopita. Siku ya kuzibua ilipofika, mama yake, Bernadetha, alijifunga kanga kiunoni, akachukua jembe la marehemu, akapanda na wanaume. Mwenyekiti wa mfereji alikuwa jirani yao, Mzee Wenseslaus. Akamsimamisha njiani mbele za watu.

"Mama, kinywa cha mfereji hakifikiwi na mwanamke. Ndiyo mila. Rudi jikoni."

Wanaume wengine wakatazama majembe yao. Mama akarudi. Jioni ile ile kamati ikaandika kwamba nyumba ya marehemu Theodory haikutoa mtu, na zamu yao ya Jumanne ikapewa nyumba inayofuata. Nyumba inayofuata ilikuwa ya Mzee Wenseslaus.

Kabichi zao zikanyauka. Mboga za mnafu zikakauka zikiwa bado changa. Redempta alikuwa na miaka kumi na mitatu, anamalizia darasa la sita, na hakuwahi kumchukia mtu mpaka mwezi ule. Chuki ilimwingia polepole, ndoo kwa ndoo. Wakati wa sala ya jioni, yeye na mama walipofika pale panaposemwa juu ya kuwasamehe waliotukosea, alifunga mdomo, akaufungua maneno hayo yalipokwisha kupita. Mama alisikia. Akaendelea na sala.

Kilichozidi kumchoma ni Given, mtoto wa Mzee Wenseslaus, aliyesoma naye darasa moja. Given alipenda kukaa juu ya ukuta wa bustani yao akila ndizi.

"Redempta, shingo yako inazidi kuwa fupi," alisema asubuhi moja. "Ukifika darasa la saba kichwa kitakuwa kimekaa mabegani."

"Na wewe ukifika darasa la saba utakuwa bado hujui kugawanya."

"Lakini nitakuwa nimekula kabichi."

Redempta aliishika ndoo kichwani kwa mikono miwili. Alipita na ndoo yake, maji yakimchuruzika shingoni, akasema moyoni: ipo siku.

Siku hiyo ilikuja kwa miguu yake yenyewe. Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya misa, Mzee Wenseslaus alisimama kwenye uzio wao na kofia mkononi.

"Hodi hapa."

"Karibu, baba," mama alisema. Redempta alitoa shikamoo kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa kitu asichotaka kukitoa.

"Mama Redempta, nina shida. Mama yangu anarudi Jumamosi. Tangu avunjike nyonga amekaa kwa dada yangu Moshi mjini, na daktari amesema asitumie tena choo cha nje. Nimejenga bafu ndani. Bomba limefika, ukuta umekauka, sakafu bado. Mafundi wote wa mjini wameshikwa. Unajua mwezi huu, kila mtu anamalizia nyumba kabla watu hawajarudi kutoka Dar."

"Ndipo ukakumbuka kuna fundi jirani."

"Nimekumbuka."

"Fundi mwanamke."

Mzee Wenseslaus akakohoa. "Vigae si mfereji, mama."

Redempta alimtazama mama yake. Alingoja amwambie huyo mzee arudi jikoni kwake akajitandikie mwenyewe. Mama alikuwa amejifunza kazi ya vigae kwa marehemu, miaka minane ya kushika uzi na kukata kona, na tangu baba afe ndiyo kazi iliyowalisha. Mafundi waliomcheka mwanzoni sasa walimwita wanaposhindwa na kona. Hakuwa na sababu ya kumpigia magoti mtu huyu.

"Kesho nitakuja kupima," mama alisema.

Mzee alipoondoka, Redempta aliweka chini sufuria kwa kishindo.

"Mama, ungemwacha. Ungemwacha akoge kwenye vumbi."

"Nami ningepata nini?"

"Ungepata kucheka."

Mama aliinua ile sufuria. "Sista Beatha wa zahanati ya misheni anatafuta fundi wa mabafu manane," akasema. "Ameniambia anataka kwanza kuona sakafu yangu mpya. Nitamwalika Ijumaa aje kuona hii. Akiridhika, mwaka wako wa darasa la saba hatutahangaika. Kwa hiyo nitaitandika vizuri, na wewe utanisaidia vizuri. Umesikia?"

"Nimesikia."

Jumatatu walipima, wakapanga vigae chini bila saruji ili kuona vitakavyokaa. Jioni mama akavilowesha kwenye pipa, kwa sababu kigae kikavu hunywa maji ya saruji, na saruji iliyonywewa maji haishiki. Jumanne asubuhi akachanganya saruji na mchanga, akagonga msumari mmoja ukutani karibu na mlango na mwingine kwenye kona ya nyuma, juu ya tundu la kutolea maji. Akafunga uzi kutoka msumari hadi msumari.

"Njoo uone," akasema. "Uzi huu una mteremko. Mlangoni uko juu, kwenye tundu uko chini. Hautauona kwa jicho, lakini maji yatauona." Akaweka pima maji sambamba na uzi, ile rula ndefu yenye kichupa na povu ndani. "Povu linakimbilia wapi?"

"Mlangoni."

"Vizuri. Povu likikimbilia mlangoni, maji yatakimbilia kwenye tundu. Ukiona kinyume, simama."

Mama akatandika mstari wa kwanza kando ya ukuta wa nyuma. Alimwaga mchanganyiko, akausawazisha kwa mwiko, akashusha kigae kwa vidole kumi, akakigonga kwa nyundo ya mpira huku akisikiliza. Kigae kilichoshiba saruji hulia kwa sauti nzito. Chenye tupu chini yake hulia kama kopo. Kati ya kigae na kigae aliweka misalaba midogo ya plastiki ili mianya ilingane. Redempta alitandika mstari wa pili, na mama hakuona cha kurekebisha.

Karibu saa sita mtu alikuja mbio kutoka zahanati. Sista Beatha alitaka mama aende mara moja akaone yale mabafu, maana kesho yake alikuwa anasafiri, hatarudi mpaka Ijumaa.

"Imebaki mistari minne," mama alimwambia Redempta akinawa mikono. "Utaiweza. Fuata uzi, pima kila mstari, usikimbilie. Mtu akikuuliza, mwambie fundi anarudi."

Redempta akabaki peke yake bafuni. Alitandika mstari wa tatu vizuri kabisa. Ndipo akasikia maji.

Ilikuwa Jumanne. Dirisha la bafu lilitazama bustani, na pale chini alimwona Given ameshika jembe, anafungua kizuizi cha mfereji. Maji yakaingia kwenye kabichi za Mzee Wenseslaus. Ilikuwa saa saba kamili, saa ambayo baba yake alikuwa akifungua kizuizi chao. Given akanyanyua kichwa, akamwona dirishani.

"Fundi mdogo," akaita. "Ukimaliza hapo uje unifulie na soksi."

Redempta akatoka dirishani. Akautazama uzi. Akalitazama tundu la maji kwenye kona, jeusi na safi. Kisha akawaza jambo lililompa utamu mdomoni kama muwa.

Umetunyima maji, alisema moyoni. Basi mimi nitakupa. Nitakupa asubuhi na jioni, ndani ya nyumba yako, na hayatakutoka.

Aliung'oa msumari wa mlangoni, akaugonga tena chini kwa upana wa kidole. Akapunguza mchanganyiko ili kila kigae kikae chini kidogo kuliko kilichotangulia. Kazi ile aliifanya kwa uangalifu kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya. Mianya ilinyooka. Misalaba ilikaa. Kila kigae kililia kwa sauti nzito. Alipoweka pima maji, povu lilikimbilia kwenye tundu, naye akatabasamu. Akilini akamwona Mzee Wenseslaus amesimama kwenye dimbwi na suruali ameipandisha magotini, anaita watu. Alimwona yeye tu. Bibi aliyevunjika nyonga, ambaye bafu lilijengwa kwa ajili yake, hakumwona kabisa. Kisasi kina jicho moja, nalo halitazami pembeni.

Alipomaliza, aliurudisha msumari juu ulipokuwa.

Mama alirudi wingu limeshuka mlimani na mvua imeanza. Bafuni kulikuwa na giza kidogo na umeme ulikuwa haujaunganishwa. Aliinama mlangoni, akaitazama sakafu, asiikanyage kwa kuwa ilikuwa mbichi.

"Mianya imenyooka," akasema. "Ulipima?"

"Nilipima."

Ni neno moja, tena halikuwa uongo mtupu. Alipima kweli. Lakini mtu anaweza kudanganya kwa neno la kweli, na anayefanya hivyo anajua.

"Baba yako angefurahi," mama akasema, na Redempta akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba.

Ijumaa saa nne Sista Beatha alifika, na daftari kwapani. Mzee Wenseslaus alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa ajili ya mgeni. Sakafu ilikuwa imekauka na kufutwa, nayo ilikuwa nzuri, rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo. Sista alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mianya sijaiziba bado," mama alisema. "Nina desturi. Siachi bafu kabla halijanywa ndoo moja mbele ya mwenye nyumba."

Akamwaga ndoo nzima upande wa mlangoni, mbali na tundu.

Maji yakasimama kidogo, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Kisha yakageuka. Yakaliacha tundu, yakaja mlangoni, yakavuka kizingiti, yakaingia kwenye viatu vya Mzee Wenseslaus na kuendelea ukumbini mpaka chini ya kochi.

Moyo wa Redempta ukaruka kwa furaha. Uliruka mara moja tu.

"Nilisema mimi," Mzee Wenseslaus akasema, akinyanyua mguu mmoja na kisha mwingine. "Nilijisemea, hii kazi ina wenyewe. Sista, umejionea. Ukimpa huyu mama mabafu yako manane, wagonjwa wako wataoga kwa mtumbwi."

Given, aliyekuwa nyuma ya baba yake, akacheka mpaka akashika ukuta.

Mama hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama sakafu. Aliweka pima maji chini, akaangalia povu. Akapapasa ukuta karibu na mlango kwa kidole gumba, polepole, akasimama mahali pamoja.

"Kosa ni langu," mama akasema. "Nitaing'oa yote na kuitandika upya, kwa saruji yangu."

"Nasikitika, Mama Bernadetha," Sista Beatha alisema kwa upole, na akafunga daftari bila kuandika kitu. "Nina wagonjwa pale. Siwezi kubahatisha."

Walirudi nyumbani. Mama alimenya ndizi zote, akainjika supu ya mtori, akaketi. Kila alichofanya alikifanya taratibu, na taratibu ile ilimtisha Redempta kuliko fimbo.

"Msumari wangu niliugonga mara moja," mama akasema hatimaye. "Ukuta una matundu mawili. Moja liko chini ya jingine kwa kidole kimoja."

Redempta akaanza kulia. "Ulijua palepale. Kwa nini hukusema ni mimi?"

"Fundi ni nani pale? Ni mimi. Aliyeacha kupima mwenyewe ni nani? Ni mimi. Sikusema uongo."

"Nilitaka yeye aone, mama. Alichotufanyia. Nilitaka maji yamkae miguuni kama ukame ulivyotukaa sisi."

"Yamemkaa miguuni kwa dakika tano. Sasa ameshakausha viatu. Na mimi, jina langu nitalianika wapi likauke?" Mama akamfuta uso kwa ncha ya kanga, kwa nguvu kidogo. "Na Bibi Mektrida anarudi kesho na fimbo zake mbili. Nisingemwaga ile ndoo, angekuwa wa kwanza kusimama kwenye maji yako."

Hapo ndipo Redempta alipomwona yule bibi akilini kwa mara ya kwanza, amesimama majini na fimbo zake.

"Kesho utakwenda kusema," mama akasema. "Utakwenda na isale."

Kwa Wachagga, jani la isale halibebwi ovyo. Ukimkosea mtu, unakwenda kwake na jani hilo limefungwa fundo, na mzee wa kukusindikiza, unaomba radhi. Anayeletewa isale hawezi kukuchapa wala kukufukuza. Redempta aliyajua hayo, na ndiyo maana machozi yalikauka na hasira ikarudi.

"Isale? Kwake? Yeye alituletea isale lini?"

"Hakuleta."

"Basi kwa nini mimi?"

"Kwa sababu la kwako unaweza kulibeba. La kwake huwezi kumbebea."

Jumamosi alasiri Mzee Kastori, kaka mkubwa wa babu yake Redempta, aliwaongoza kwa Mzee Wenseslaus. Alikuwa mtu wa maneno machache, na njiani alisema moja tu: "Shika kwa mikono miwili." Barazani walimkuta Bibi Mektrida kwenye kiti, miguu imefunikwa blanketi, fimbo zimeegemea ukuta. Mzee Wenseslaus alisimama. Alipoliona lile jani uso wake ulibadilika, akavua kofia.

Redempta alipiga goti. Aliyapanga maneno usiku kucha, lakini yote yakampotea, akabaki na yale mafupi.

"Baba, naomba radhi. Sakafu niliiharibu mimi. Mama hakukosea. Aliponiacha peke yangu nilishusha uzi kwa makusudi, ili maji yaje mlangoni. Kisha nikamwambia mama nimepima."

Given, aliyekuwa mlangoni na ndizi yake, aliacha kutafuna.

"Kwa makusudi?" Mzee Wenseslaus aliuliza. "Mtoto mdogo kama wewe? Nimekufanyia nini?"

Redempta hakuwa amekuja kulisema hilo. Lakini aliulizwa, tena mbele ya isale, na mbele ya isale mtu hadanganyi.

"Ni kwa ajili ya maji ya Jumanne," akasema.

Kuku mmoja alipanda barazani, hakuna aliyemfukuza.

"Maji gani ya Jumanne?" Bibi Mektrida akauliza. Alikuwa hayupo kijijini tangu mwezi wa nane, na mwanawe hakuwa amemsimulia. "Wenseslaus. Nimeuliza maji gani."

"Mama, ni mambo ya kamati."

"Mtoto, sema wewe."

Redempta akasema. Hakuongeza na hakupunguza: jembe la baba, njiani, rudi jikoni, daftari la kamati, nyumba inayofuata. Alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa machache. Kwa miezi mitatu yalikuwa yamejaa kifuani kama gunia, kumbe yalitosha kwenye kiganja.

"Ni mila," Mzee Wenseslaus akasema, lakini alimtazama Mzee Kastori alipokuwa akisema.

Mzee Kastori alijikuna kidevu. "Mila inasema mwanamke asifike kwenye kinywa cha mfereji. Nakubali. Mila hiyo hiyo inasema nyumba ya mjane inachimbiwa na ukoo. Ilipaswa uniite mimi, nimtume mtu. Hukuniita. Na mimi nami sikuuliza, nilikaa kwangu nikanywa mbege. Hilo kosa ni letu wawili, meku, mzee mwenzangu, usiliweke juu ya mila."

"Mwanangu," Bibi Mektrida akasema, bila kupandisha sauti, "miezi mitatu na zaidi nimelala Moshi nikiwaambia majirani wa dada yako nina mtoto mwenye haki. Sasa niwaambie nini?"

Mzee Wenseslaus alisimama pale, kofia ikizunguka mikononi. Hakulia wala hakukumbatia mtu. Watu wa namna yake hawaombi radhi kwa siku moja. Alinyoosha mkono, akalipokea jani la isale, kwa sababu halikataliwi.

"Nimepokea," akasema. "Sakafu itandikwe." Akasogea ukingoni mwa baraza, akasema huku akitazama bustani, "Jumanne mfungue maji yenu saa saba. Given atakuja kusafisha kizuizi, kimejaa majani."

"Mimi?" Given akasema.

"Wewe. Na hiyo ndizi iweke chini."

Ilibaki ngazi moja, na hiyo Redempta aliipanda peke yake. Jumapili baada ya misa alimngoja Sista Beatha nje ya zahanati, akamwambia kila kitu. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ameificha ndani ya mikono ya gauni lake.

"Umefanya vizuri kuja," akasema. "Lakini sasa ninajua fundi ni mzuri na msaidizi ni wa hatari. Hilo nalo ni jambo la kufikiria."

Redempta aliinamisha kichwa. Lilikuwa la haki, kwa hiyo lilichoma vizuri.

Jumatatu na Jumanne waling'oa vigae, kimoja kimoja, kwa patasi na nyundo. Vinne vilivunjika na mama alivinunua upya. Jumanne saa saba Redempta alitoka mara moja kufungua maji yao, kisha akarudi. Redempta alikwangua saruji nyuma ya vile vizima mpaka vidole vikatoka malengelenge. Jumatano walitandika upya. Safari hii mama hakuondoka, na kila mstari alipima mwenyewe baada ya Redempta kupima. Redempta aliona hilo. Hakulalamika. Imani ni kama saruji, ikishavunjika huwezi kuilowesha ikarudi, unachanganya upya.

Jumatatu iliyofuata Sista Beatha alikuja bila kuahidi. Mama alimpa Redempta ndoo. Maji yakasimama katikati, yakageuka, yakaenda kwenye kona ya nyuma, yakashuka tunduni kwa mlio wa kukoroma, na sakafu ikabaki inang'aa. Bibi Mektrida, aliyekuwa ameegemea fimbo zake mlangoni, alivua ndara, akaingia taratibu, akasimama pale katikati na miguu mitupu.

"Pakavu," akasema.

Sista akafungua daftari. "Nianze na mabafu mawili," akamwambia mama. "Nikiona yamekaa vizuri mpaka Pasaka, tutazungumza juu ya mengine sita."

Hayakuwa manane, na mama hakuyaomba. Alishukuru.

Wakitembea kurudi nyumbani, kila mmoja amebeba upande mmoja wa sanduku la vifaa, Redempta aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu Jumapili ile mzee alipokuja na kofia mkononi.

"Mama, wewe hukumchukia hata kidogo?"

Mama alihamisha mkono kwenye mpini. "Nilimchukia sana. Unafikiri nilikubali ile kazi kwa utakatifu? Nilijisemea, kila asubuhi ataamka akanyage kazi ya mwanamke aliyemrudisha jikoni, na ataikanyaga mpaka afe. Hicho kilikuwa kisasi changu. Kipo hata sasa. Siku nyingine kinaamka kabla yangu, nasali mpaka kitulie."

Redempta alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa kuwa mama hakuwa anacheka.

"Sikiliza, mwanangu," mama akasema. "Kudhulumiwa kunauma, sikukatazi kuumia. Lakini angalia ulivyofanya. Uliposema kwa kujificha, kwa mikono yako, ulimpiga mama yako na ukakosa kumpiga yeye. Uliposema kwa mdomo, mchana, mbele ya wazee, na kosa lako umelitanguliza, maji yalirudi. Mtu akikudhulumu, mseme mbele ya watu wanaoweza kumwambia basi. Usiipe kazi ya mikono yako ikusemee hasira. Kazi haijui unamkasirikia nani. Yeyote atakayekanyaga, itamwangusha."

Walikuwa wamefika kwenye uzio. Mama akaweka chini upande wake wa sanduku, akanyoosha mgongo.

"Haya, nenda ukaoge," akasema. "Kesho saa moja tunakwenda zahanati kupima, na wewe ndiye utakayeshika uzi."